Nafuu ya Kigoma

Sehemu ya Saba

Alikuwa Lamya. Houda hakukosea, na wewe msomaji uliyeshinda wiki nzima ukibishana na jirani yako, hukukosea pia. Yule mtoto aliyesimama juu ya meli ya mizigo, mkono mmoja kwenye ukingo, amevaa gauni lake la Idi mchana wa siku ya kazi, alikuwa Lamya binti Nasser, mtoto wa kwanza wa Houda.

Na meli ilikuwa inaondoka leo. Si Jumamosi. Leo.

Kama umetukuta njiani, usihangaike, habari yenyewe ni hii. Houda ni fundi cherehani wa soko la Jabe. Mumewe Nasser ni mtoto wa familia ya Waarabu wa siku nyingi hapa Bujumbura, wale wa maduka ya vitambaa. Duka alilorithi kwa baba yake lilikufa polepole machoni pake. Sukari foleni, mafuta foleni, na mwenye nyumba anapandisha kodi kabla hujamaliza kulalamikia ile ya kwanza. Ndipo Nasser akavuka kwenda Kigoma kutazama. Akarudi uso unang'aa. Kule mchele rahisi, mkaa rahisi, na nyumba amekwishapata. "Tuhame wote," akasema. Wote maana yake yeye, Houda, Lamya, Bader mdogo, na Bi Thuwaiba, mama yake Nasser, ambaye miguu yake inavimba. Safari ni Jumamosi.

Leo ilikuwa Jumatano. Houda alikuja bandarini kuleta mfuko wa sufuria tu, ziungane na mizigo.

Mfuko ukamtoka mkononi. Vifuniko vikatawanyika kwenye saruji, wapagazi wakageuka wote.

"Shaabani! Lamya anafanya nini mule?"

Shaabani ni mdogo wake Houda, tumbo moja, wakala wa kupitisha mizigo hapo hapo bandarini. Aliangalia kreni. Aliangalia viatu vyake.

"Dada, rudi nyumbani. Jioni nakuja nakueleza."

"Nieleze sasa."

"Shemeji atakueleza mwenyewe."

"Huyo shemeji yako yuko wapi?"

Macho ya Shaabani yalikwenda kwenye meli.

Houda akamsogelea mpaka pua zao zikakaribiana.

"We ulijua?"

"Dada, sikiliza kwanza..."

"Mi nimekuuliza neno moja. Ulijua?"

"Nilijua."

Msomaji, mimi ningempiga kofi. Houda hakumpiga. Alisimama tu, kama mtu aliyeitwa jina la mtu mwingine.

"Alisema ni mwaka tu," Shaabani akaharakisha maneno. "Mama yake hawezi safari, na mutu wa kubaki naye ni we. Watoto waanze shule kule mapema. Alisema akikuambia utalia, utakataa, safari yote itakufa. Na nyumba ya Jabe ameilipia mwaka muzima, utakaa vizuri. Na mi, dada, aliniahidi tutafungua duka pamoja kule. Unaona wewe mwenyewe maisha ya hapa. Nina mke, nina watoto..."

"Na mimi nina watoto, Shaabani. Wale pale. Juu ya bato, meli ile."

Akamwacha. Akakimbia.

Mlinzi wa lango akanyoosha mkono. "Madamu, apana! Huku ni wasafiri tu."

Houda akafungua pochi. Karatasi yake ya safari ilikuwamo, na ya Bi Thuwaiba pia, maana si walikuwa wanasafiri wote Jumamosi?

"Tiketi iko wapi?"

"Watoto wangu wako mule!"

"Tiketi, madamu."

Honi ikalia. Houda akausukuma mkono wa mlinzi, haukusogea. Nyuma yake sauti ikapaa:

"Mwache apite! Yuko na mimi, mizigo yake ndiyo ile!"

Alikuwa Shaabani. Mlinzi anamjua, akashusha mkono. Houda akapita bila kusema ahsante. Ahsante ya nini?

Kilichomwokoa Houda siku hiyo ni jambo ambalo Bujumbura nzima ilikuwa inalilaani. Mazutu, yale mafuta ya dizeli. Meli ilitakiwa iwe imeondoka tangu asubuhi, lakini mapipa ya mazutu yalikuwa hayajafika. Kapiteni Uthmani, mtu mfupi mwenye kifua kikubwa, alikuwa anapiga honi kwa hasira tu, akimtafuta kwa macho mwenye gari la mafuta. Houda akaikanyaga ngazi ya mbao, akapanda.

Lamya alimwona. Lakini hakumkimbilia. Alirudi nyuma.

"Umekuja kutuaga, Mama?"

"Kuwaaga? Lamya, njoo hapa."

Mtoto hakusogea.

"Baba alisema umekataa kuhama. Alisema umesema heri ubaki Jabe na cherehani yako kuliko kuja na sisi."

Mume kukimbia na watoto, hilo moyo wa Houda ulikuwa tayari umeanza kulipokea. Lakini kumwambia mtoto mama yake hamtaki?

Akazungusha macho huku na huku, akitafuta neno. Alichokiona kikamtosha. Kati ya magodoro na kabati lao la vyombo, imefungwa kamba ya katani, ilikaa cherehani yake. Ile ile. Jana Nasser aliibeba akisema anaipeleka kwa fundi kutiwa mafuta.

"Lamya, mama yangu. Ile pale ni nini?"

Lamya akageuka. Akatazama cherehani. Akatazama mama yake. Akarudi kutazama cherehani. Halafu uso wote ukavunjika, akajitupa kifuani kwa Houda kwa nguvu mpaka wote wawili wakayumba.

"Mama Lamya, sitaki kelele mbele ya watu."

Nasser huyo. Alitoka nyuma ya chumba cha kapiteni, Bader mkononi, mtoto anakula biskuti hana habari. Sauti yake ilikuwa ya chini, sauti ya dukani, ile ya kumwambia mteja kitambaa hiki hakichuji.

"Unaniibia watoto, Nasser?"

"Mutu haibi watoto wake."

"Mtu anayekwenda kwa haki haondoki Jumatano akasema Jumamosi!"

"Nimefanya kwa ajili yetu. Maisha Kigoma ni rahisi, sikukudanganya, lakini si rahisi kwa watu watano kwa mara moja. Natangulia na watoto. We unabaki na Mama, nyumba ipo, unashona, mwakani nawafuata."

"Nashona kwa nini? Kwa meno?"

Wapagazi wawili waliokuwa wanapanga magunia ya majani ya chai wakacheka. Nasser akaitazama cherehani kana kwamba imejipakia yenyewe.

"Ningekuletea nyingine," akasema.

"Na mama yako anajua mpango huu?"

Nasser akaanza kumfuta Bader makombo ya biskuti. Houda akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya nje. Alikuwa na uhakika yule mama mkwe yumo kwenye mpango. Alikuwa amejiandaa kuumizwa mara ya tatu kwa mchana mmoja.

"Houda!" Sauti ya Bi Thuwaiba ilitoka kali. "Uko wapi? Njoo mbio! Anouar yuko hapa na vijana wanashusha mapazia!"

Anouar ndiye mwenye nyumba.

"Wanashusha mapazia kwa nini, Mama?"

"Anasema Nasser alimwambia tunatoka leo! Anasema wapangaji wake wanaingia kesho! Nimekaa juu ya kitanda changu, nimemwambia kama ni mwanamume anibebe na kitanda."

"Mama, mi niko bandarini. Nasser alikuambia watoto wanakwenda wapi leo?"

"Si Mutakura kwa Shaabani, kumuaga mjomba wao? Kwani hawajafika?"

Hapo Shaabani alikuwa amekwishapanda, anahema, amesimama nyuma ya dada yake. Alisikia kila neno.

"Shemeji!" akasema. "Mi uliniambia nyumba umelipia mwaka muzima!"

"Nilijua utawachukua Mutakura," Nasser akajibu. "Ni dada yako. Ungewatupa?"

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungekataa."

Basi tazama, msomaji. Mke ameambiwa lake. Mtoto ameambiwa lake. Mama ameambiwa lake, shemeji naye lake. Mtu mmoja, mdomo mmoja, na kila nyumba ya ukoo ameipa hadithi yake. Leo hadithi zote zimekutana juu ya meli moja, na mwenyewe hana pa kutazama ila majini.

Kwenye simu Bi Thuwaiba akaita, polepole, kama anayemwita mtoto aliyejificha chini ya meza.

"Nasser. Mwanangu. Uko hapo?"

Nasser alibana midomo.

"Nasema uko hapo?"

Nasser akampa mkewe mgongo.

"Sawa. Mi nakuja."

Simu ikakatwa.

Nasser akatoa kicheko kifupi kisicho na furaha. "Atakujaje? Hata bafuni anashikwa mkono."

"Na nani?" Houda akauliza. "Anashikwa mkono na nani, Nasser?"

Gari la mazutu likaingia bandarini.

Kapiteni Uthmani akapiga makofi. "Haya, haya, haya! Tukijaza tu tunaondoka! Mi sisubiri mutu, hata awe nani!"

Mapipa yakaanza kubiringishwa. Pampu ikaanza kuvuta. Houda akampokonya Nasser mtoto, akakaa juu ya godoro lake mwenyewe, Bader mapajani, Lamya ubavuni, akakaza miguu.

"Shuka, Houda."

"Nishushe."

Nasser akaangalia wapagazi. Wapagazi wakamwangalia yeye. Hakumgusa. Akachuchumaa mbele ya mkewe, na ile sauti ya dukani ikamwishia. Ikaja nyingine.

"Nakuomba. Shuka leo tu. Wiki ijayo nakuja kukuchukua mwenyewe. Wallahi..."

"Usimwingize Mungu hapa!"

"Houda, hujui unachokifanya. Usije Kigoma. Usije sasa."

Jasho lilikuwa linamchuruzika mpaka kwenye kola. Hapo Houda aliona jambo lililomshangaza. Mumewe hakuwa na hasira. Alikuwa na hofu. Hofu ya nini? Alitaka kuuliza, lakini chini kulizuka kelele langoni, na kila mtu akageuka.

Tukutuku iliyokuwa imeingia bila ruhusa ilisimama katikati ya magunia. Dereva alikuwa anabishana na mlinzi. Na ndani, amekaa wima, buibui jeusi, fimbo mkononi, vitambaa vimefungwa kwenye miguu yote miwili, alikuwa Bi Thuwaiba.

"Nani atanibeba?" akauliza bandari nzima.

Shaabani alishuka ngazi mbiombio. Sijui alikuwa anatafuta msamaha au alikuwa anakimbia macho ya dada yake. Alipiga magoti mbele ya tukutuku, akampakia bibi mgongoni, akapanda naye taratibu, ngazi inalia chini yao. Akamweka juu ya kreti ya soda mbele ya mwanawe.

Nasser alibaki ameinamisha kichwa.

"Mama, miguu yako..."

"Miguu yangu ndiyo imenileta. Nitazame."

Akamtazama.

"Baba yako niliishi naye mpaka nikamfumba macho. Hakunificha hata homa. Wewe umenificha wajukuu zangu." Sauti haikupanda hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyotisha. "Niambie. Ungefika huko, ungekaa na hiyo sahani yako ya mchele wa rahisi, ungekula? Mama yako yuko barabarani Jabe, huyu binti yuko barabarani na mimi, ananipaka dawa miguu kando ya mtaro. Ungekula, Nasser?"

Nasser akaanza kulia. Hakuigiza, msomaji, nakuhakikishia. Alilia mabega yakamtikisika, akaushika mkono wa mama yake, akaubusu, akauweka kwenye paji la uso.

"Nilichoka, Mama. Nilichoka kuamka kila siku nawaza nitawalisha nini. Nilitaka mahali pepesi."

"Na sisi ndio tulikuwa mzigo."

Hakukana. Houda aliliona hilo. Alisubiri akane, hata kwa uongo, uongo mmoja wa ziada kwa mtu aliyesema mwingi hivyo, na hakukana.

Halafu Nasser akasimama, akafuta uso kwa kiganja.

"Sawa," akasema. "Twende wote."

Lamya akapiga kelele ya furaha. Hata Kapiteni Uthmani, aliyekuwa anasikiliza huku anajifanya anahesabu mapipa, akakohoa kikohozi cha kuridhika.

"Nipeni karatasi zenu nikazigongeshe muhuri pale chini," Nasser akasema. "Shaabani, twende tusaidiane, haraka."

Houda alisita. Mkono wake ulikaa ndani ya pochi. Alimtazama mumewe, akatafuta yule kijana aliyekuwa anampelekea vipande vya hariri sokoni Jabe, kisa vimekatwa vibaya, kumbe anakata mwenyewe makusudi. Alimtazama sana. Akampa karatasi.

Lakini alimvuta Shaabani sikio. "Karatasi zirudi na wewe. Si na yeye. Umenisikia?"

"Nimesikia, dada."

Wakashuka.

Pampu ikanyamaza. Injini ikawashwa, sakafu ikaanza kutetemeka chini ya miguu, moshi mweusi ukapanda. Bi Thuwaiba akamwomba Lamya amfungulie vitambaa kidogo, vinabana. Bader akalala. Houda alikaa macho yamekaza kwenye mlango wa ofisi ya chini.

Shaabani akatoka peke yake, anakimbia, karatasi mkononi.

"Ziko tayari! Hizi hapa, muhuri wote."

"Nasser?"

"Anakuja. Amesema anamalizia kusaini mizigo." Akasita. "Dada, mi sina la kusema."

"Basi usiseme. Shuka, bato inaondoka."

Alishuka analia, mwanamume mzima. Vijana wakaivuta ngazi. Kamba ya nyuma ikafunguliwa.

"Kapiteni!" Houda akainuka. "Kapiteni, simamisha! Mume wangu amebaki!"

Na hapo akamwona.

Nasser alikuwa ametoka ofisini. Alikuwa amesimama kwenye kivuli cha ghala, mikono mifukoni, uso umeelekea kwenye meli. Kamba ya mbele ikafunguliwa. Maji yakaanza kuonekana kati ya meli na gati, kidogo, halafu mengi.

"Nasser! Ruka! Kimbia!"

Kapiteni Uthmani alichungulia dirishani, akatazama gati, akamtazama Houda.

"Mutu aliyechelewa anakimbia, mama," akasema. "Yule hakimbii."

Na kweli hakukimbia. Shaabani ndiye aliyekimbia. Alimfikia, akamkamata shati, akamtikisa, akamwonyesha meli kwa kidole. Nasser alitikiswa kama shati lililoanikwa. Hakujitetea, na hakuondoa macho kwenye meli, mpaka Houda hakuweza tena kutofautisha yupi ni mdogo wake na yupi ni mumewe.

"Baba amesahau kupanda?" Lamya akauliza.

Houda akamvuta karibu yake.

Bi Thuwaiba alikuwa amekaa vile vile juu ya kreti, fimbo kati ya magoti. Hakulia. Aliuliza swali moja tu, kwa sauti kavu.

"Houda, hiyo nyumba ya Kigoma, unajua ilipo?"

"Sijui, Mama."

"Jina la mwenye nyumba?"

"Sijui."

Milima ya Bujumbura ilikuwa inarudi nyuma. Meli imebeba magodoro, kabati, cherehani, mwanamke mgonjwa, watoto wawili na mwanamke asiyejua anakwenda kwa nani. Kurudi? Nyumba ya Jabe ina mapazia ya watu wengine. Kwenda mbele? Kwa nani?

Simu ikaita.

Jina lilikuwa lake. Nasser.

Houda aliitazama ikiita, mkono hautaki. Bi Thuwaiba akagonga fimbo sakafuni. "Pokea. Tusikie ana hadithi gani ya tano."

Akapokea, akaiweka simu kati ya sikio lake na la Bi Thuwaiba.

"Houda, usikate." Sauti ilikuwa inakuja na kupotea. "Nisikilize kabla mtandao haujaisha. Mukifika Kigoma kuna mzee atawapokea bandarini. Anaitwa Massoudi. Atakuwa na binti yake. Nyumba ni ya huyo mzee."

"Tumepanga kwake?"

"Apana. Si ya kupanga. Amenipa."

"Mtu hapewi nyumba, Nasser. Amekupa kwa sababu gani?"

Mawimbi yakapiga ubavu wa meli.

"Anamsubiri mkwe wake," Nasser akasema. "Anamsubiri mutu aliyefiwa na mke."

Houda hakuelewa. Kisha akaelewa.

"Nasser, nani amefiwa?"

"Niliwaambia ulikufa."

Bi Thuwaiba aliita jina la Mungu kwa sauti ya chini.

"Nilikuwa nimekaa barazani kwake," Nasser aliendelea, maneno yanamwagika. "Akaniuliza habari za nyumbani, na mi nilikuwa nimechoka, Houda, nikasema tu. Sikupanga. Mara watu wakanipa mkono wa pole. Walikusomea hitma. Yule binti ndiye aliyepika. Baada ya hapo ningerudisha vipi maneno? Ndiyo maana sikuweza kukuleta. Ndiyo maana sikuweza kumleta Mama, Mama hasemi uongo."

"Na watoto? Lamya angefika kule, wangemwambia pole kwa kufiwa na mama. Ungefanya nini?"

"Ningemwandaa njiani."

"Ungemwandaa." Houda alishika ukingo wa chuma kwa mkono uliobaki. "Ungemwandaa mwanangu njiani kwamba mi nimekufa."

"Sasa sikiliza, bado kuna njia. Watoto wapate pa kulala, Mama apate dawa. Usiseme jina lako. Sema we ni dada yangu, umeleta watoto, mi nakuja nyuma na mizigo mingine. Lamya mufundishe akuite shangazi. Ukifanya hivyo nyumba mutaipata, chakula mutapata, ile nafuu yote niliyokuambia mutaiona kwa macho. Ukisema we ni Houda, wale watu wataifunga nyumba yao, na mutalala pale pale bandarini. Fikiria Mama. Fikiria miguu ya..."

Sauti ikakatika. Houda akaangalia simu. Mtandao hakuna.

Akageuka kwa mama mkwe wake. Macho yao yakakutana. Bi Thuwaiba, yule asiyesema uongo, alifungua mdomo, akatazama miguu yake iliyovimba, akamtazama Bader aliyelala kwenye godoro, akaufumba tena.

Lamya akamvuta Houda kanga.

"Baba amesema nini?" akauliza. "Mama? Amesema tukifika tufanye nini?"

Houda akamtazama mwanawe aliyevaa gauni la Idi, na hakujua amjibu kama mama yake, au kama shangazi.